Kampuni si baba yetu



Kuna lawama moja ambayo wazee wetu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi huirudia mara nyingi: kwamba vijana wa leo hawapendi kazi. Kijana akiajiriwa leo na kampuni kubwa ya madini, wasema wao, kesho huanza kunung'unika, na mwaka haujaisha amekwisha kuhamia kampuni nyingine. Wao walidumu mahali pamoja miaka thelathini. Waliamka king'ora kilipolia, wakaenda kazini, wakarudi, wala hawakumwuliza mkubwa wa kazi kwa nini. Basi wanauliza: vijana hawa wanataka nini?

Swali hilo ni zuri, hata kama mara nyingi huulizwa kwa hasira, nalo linastahili jibu la utulivu. Maoni yangu ni haya: vijana wanaoingia leo katika kampuni kubwa wanaipenda kazi sawasawa na wazazi wao. Kilichobadilika ni yale wanayoyathamini kazini. Na yamebadilika kwa sababu vijana hao waliyaona kwa macho yao yaliyowapata wazazi, wakajifunza.

Baba aliyeanguka

Ili tuelewane, sharti tuanze mbali kidogo. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Hapo mwanzo wafanyakazi wake wengi walikuwa watu wa kupita. Waliletwa kutoka mbali, wakafanya kazi kwa miezi kadhaa, kisha wakarudi kwao, na wengine waliangamizwa na magonjwa. Kuanzia miaka ya 1920 kampuni ilibadili njia. Ilitambua kwamba mfanyakazi aliye na mke, watoto na nyumba hutulia, hujifunza kazi vizuri na hukaa muda mrefu. Ikajenga kambi, ikagawa posho ya unga, ikafungua hospitali na shule. Mtoto alizaliwa katika hospitali ya kampuni, akasoma katika shule ya kampuni, akacheza mpira katika uwanja wa kampuni, na alipokua akaajiriwa na kampuni ile ile. Mwaka 1967 kampuni ikawa mali ya taifa, na baadaye ikaitwa Gécamines, lakini desturi hiyo iliendelea. Watu waliiona kuwa baba yao na mama yao.

Tusiwacheke wazee kwa jambo hilo. Posho ilifika kwa siku yake, mgonjwa alitibiwa, mtoto alisoma. Mtu aliyepata hayo yote katika dunia ngumu alikuwa na haki ya kuyashukuru.

Lakini baba huyo alikuwa na fimbo pia. Wakati wa vita kuu ya pili ya dunia, bei za vitu zilipanda na mshahara ukabaki nyuma. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, waligoma wakakusanyika katika uwanja wa mpira. Askari wa serikali ya kikoloni wakawapiga risasi. Makumi ya watu walikufa, miongoni mwao Léonard Mpoyi, aliyekuwa akisema kwa niaba ya wenzake. Tangu hapo kila mtu katika kambi alijua mpaka uko wapi: mtoto mwema hula na kushukuru, haulizi hesabu za baba.

Kisha baba mwenyewe akaanguka. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, nayo ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000. Mitambo ikachakaa bila kubadilishwa, fedha zikachotwa, na mwezi wa Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto, chini ya ardhi, ikaporomoka. Mwaka 1994 shaba yote iliyotolewa haikufika tani 50,000. Mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mwaka 2001 Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alitoa kitabu ambacho jina lake linatosha kueleza hali hiyo: Bana Shaba abandonnés par leur père, yaani watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Miaka miwili baadaye, mwaka 2003, kwa mpango ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa kiasi cha fedha wakaondoka. Mpango huo uliitwa kuondoka kwa hiari, lakini wengi wao hawakuwa na mlango mwingine wa kupitia.

Vijana wengi wanaopeleka leo barua za kuomba kazi ni watoto na wajukuu wa watu hao. Wamekulia katika nyumba ambamo baba alikuwa na cheti cha kazi lakini hana mshahara, na mama ndiye aliyelisha jamaa kwa kuuza unga na makala sokoni. Somo walilolipata halikuandikwa katika kitabu chochote cha shule: usimkabidhi mwajiri maisha yako yote, kwa maana siku atakapoanguka utaanguka pamoja naye. Tunapowaona wakiulizauliza maswali, wakisoma mkataba mara mbili, wakitazama mlango wa kutokea hata kabla ya kuketi, tusiseme kwamba ni wavivu. Ni watu walioumwa na nyoka, nao hushtuka wakiona ung'ongo.

Neno la kweli

Tangu Kanuni ya Madini ya mwaka 2002, kampuni kubwa za kigeni zimeingia Katanga kwa wingi. Mwaka 2023 nchi yetu ilitoa zaidi ya tani 2,000,000 za shaba, kiasi ambacho Gécamines ya zamani haikukifikia kamwe, na zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka kwetu. Utajiri umerudi, ila haukurudi na nyumba, posho na shule kama zamani. Umerudi na mkataba.

Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo kijana wa leo analithamini ni mkataba unaosema kweli. Mara nyingi katika machimbo vijana wawili hufanya kazi bega kwa bega. Vumbi ni lile lile, mashine ni ile ile, hatari ni ile ile. Mmoja ameandikwa na kampuni kubwa yenyewe. Mwingine ameletwa na kampuni ya kati iliyopewa kazi na ile kubwa. Mwisho wa mwezi mishahara yao haifanani. Wakiugua, hawatibiwi kwa namna moja. Na kazi ikipungua, tunajua ni nani atakayetangulia kuambiwa abaki nyumbani. Tena, sheria ya tarehe 8 Februari 2017 kuhusu kazi zinazotolewa kwa kampuni za kati ilikusudiwa kuwainua wenye mali Wakongo. Nia hiyo ni njema. Lakini kijana anayelipwa nusu ya mshahara wa mwenzake hafarijiwi na kuambiwa kwamba anayemlipa nusu hiyo ni Mkongo mwenzake.

Nchi yetu haikosi sheria. Kanuni ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema kwamba mkataba wa muda maalum hauwezi kupita miaka 2, na kwamba, isipokuwa kwa kazi chache za namna yake, kama zile za msimu, mfanyakazi hafungi na mwajiri yule yule mikataba ya namna hiyo zaidi ya miwili. Inasema pia kwamba mtu aliyeajiriwa kwa siku, akiwa amekwisha kufanya kazi siku 22 katika muda wa miezi 2, na akaajiriwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, huhesabiwa kuwa na mkataba usio na kikomo. Ni vijana wangapi wa parokia zetu wanaolijua hilo? Na ni wangapi wanaofanya kazi mwaka wa tatu, wa nne, kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, wakidhani kwamba ndivyo dunia ilivyo?

Neno la kweli si lazima liwe neno tamu. Mwaka 2019 mgodi mkubwa wa Mutanda, karibu na Kolwezi, ulisimamishwa wakati bei ya kobalti ilipokuwa imeshuka sana, ukafunguliwa tena baadaye. Mambo ya namna hiyo yatatokea tena, kwa sababu bei ya madini yetu huamuliwa mbali na kwetu. Kijana mwenye akili halitaki jibu la kumbembeleza kwamba kazi haitakwisha kamwe. Anataka aambiwe mapema hali ilivyo, ili ajue kama ajenge au angoje, kama aoe mwaka huu au mwaka ujao. Wazazi wetu walibembelezwa mpaka siku ya mwisho, na waliamka asubuhi wakakuta baba hayupo.

Kusikilizwa bila hofu

Jambo la pili ni kusikilizwa. Hapa nasema habari ya uhai na kifo.

Katika kila kampuni kubwa mtakuta maneno yamepakwa rangi ukutani: usalama kwanza. Mfanyakazi mpya hupewa kofia ngumu, buti na mafundisho, na huambiwa kwamba akiona hatari ana haki ya kusimamisha kazi. Haki hiyo si zawadi ya kampuni. Mapatano namba 155 ya Shirika la Kazi Duniani, ya mwaka 1981, yanasema kwamba mfanyakazi anayejiondoa mahali pa kazi kwa kuwa ana sababu nzuri ya kuamini kwamba kuna hatari kubwa na ya karibu kwa uhai au afya yake, lazima alindwe asiadhibiwe isivyo haki. Na mwezi wa Juni 2022 shirika hilo liliweka usalama na afya kazini katika hesabu ya haki za msingi za wafanyakazi wote.

Sasa tufikiri juu ya dereva wa lori kubwa la machimbo, saa tisa za usiku, anayehisi kwamba breki hazishiki vizuri. Msimamizi wake anamwambia: peleka hivyo hivyo, tani za usiku huu hazijatimia. Kijana huyo anasimamisha lori. Usiku ule hakuna anayemkemea sana. Lakini mwisho wa mwezi mkataba wake hauandikwi upya, na hakuna anayemweleza sababu. Wenzake wote katika zamu ile wameona. Kuanzia siku hiyo, maneno ya ukutani hayana kazi tena. Sheria ya kweli ya kampuni wamekwisha kuisoma katika orodha ya walioachishwa.

Ndiyo maana mimi naamini kwamba tabia ya kampuni haipimwi kwa sherehe zake, wala kwa fulana zenye jina lake, wala kwa mipira inayogawa kwa timu za mtaa. Hupimwa kwa swali moja: yule aliyesema hapana kwa sababu nzuri, yuko wapi leo? Kama bado yuko kazini na anaheshimiwa, kampuni hiyo ina utu. Kama hayupo, tusidanganywe na rangi za ukutani.

Na tazameni jinsi jambo hili linavyofungamana na lile la kwanza. Mtu ambaye mkataba wake unakwisha baada ya miezi mitatu hasimamishi lori. Anafikiri juu ya kodi ya nyumba na karo ya mdogo wake, anavuta pumzi, anaendelea kuendesha. Mkataba mfupi ni kitambaa kinachofunga kinywa. Mwajiri anayetaka wafanyakazi waseme juu ya hatari, huku akiwaajiri kwa miezi mitatu mitatu, anaomba kwa mkono mmoja kile alichokizuia kwa mkono mwingine.

Kusikilizwa kunahusu pia lugha. Katika machimbo yetu siku hizi utasikia Kifaransa, Kichina, Kiingereza na Kiswahili katika zamu moja. Agizo la hatari likitolewa kwa lugha ambayo aliyeagizwa haielewi, hilo ni kelele tu. Kijana huthamini mkubwa anayejitahidi kujifunza hata maneno hamsini ya Kiswahili, wala si kwa sababu ya sifa. Anajua kwamba siku mwamba utakapoanza kulia, maneno hayo hamsini yataokoa watu.

Na kwa mabinti zetu neno kusikilizwa lina uzito zaidi. Wako wanaoambiwa, kwa maneno ya kuficha au waziwazi, kwamba mlango wa kazi hufunguliwa kwa njia ya mwili wao. Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mapatano namba 190 dhidi ya jeuri na usumbufu kazini, likihesabu hata wale wanaotafuta kazi. Binti anapoingia katika kampuni, kabla ya kuuliza juu ya mshahara, huwauliza wanawake waliomtangulia kwa sauti ya chini: yule aliyeshtaki, ni nani aliyehamishwa, yeye au mshtakiwa? Jibu la swali hilo huenea mjini haraka kuliko tangazo lolote la kampuni.

Kukua

Jambo la tatu ni nafasi ya kukua. Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika hata 30. Mkongo katika machimbo aliweza kufika ukapita, au ukarani, na hapo ngazi yake ikakatika. Wakati ule kampuni ziliweza kusema kwamba hakuna Wakongo waliosoma, ingawa walionyimwa shule hawakuwa na kosa. Leo sababu hiyo imekufa. Lubumbashi, Likasi na Kolwezi kila mwaka hutoa vijana waliosoma madini, umeme, hesabu na sheria.

Hata hivyo kijana mwenye shahada huwekwa miaka mingi chini ya mtu aliyemfundisha kazi yeye mwenyewe. Au huona nafasi ikitolewa kwa jina la ukoo, kwa kabila, kwa bahasha. Jambo linalomvunja moyo ni kutojua ngazi iko wapi. Kupanda polepole angeweza kuvumilia. Mwambie: utafanya hili kwa miaka miwili, utajifunza lile, utapimwa na fulani kwa vipimo hivi, naye atafanya kazi hata usiku. Mwache katika giza, atatafuta kampuni nyingine, nanyi mtasema kwamba hana uvumilivu. Aliyekosa ngazi hulazimika kutafuta ukuta mwingine.

Muda wa kuwa mtu

Jambo la nne ndilo linalowaudhi wazee kuliko yote: vijana wanaomba muda. Wanataka siku za kupumzika zijulikane mapema, wanataka kurudi nyumbani, wanataka kusoma, wanataka kuimba na wenzao katika siku ya Bwana. Wazee husema: sisi hatukuomba hayo.

Ni kweli, hamkuyaomba, kwa sababu mlikuwa nayo. Mfanyakazi wa kambi alitoka kazini akatembea hatua chache, akamkuta mkewe mlangoni na watoto wakicheza barabarani. Kampuni ilikuwa imeileta jamaa karibu na shimo. Leo kijana wa Lubumbashi hufanya kazi Kolwezi, safari ya kilomita kama 300, analala katika chumba cha wanaume, anafanya zamu za mchana na za usiku, na huwaona watoto wake baada ya majuma. Kanuni ya Kazi inaweka saa 45 kwa juma. Inasema pia kwamba mkataba wa muda maalum wa mtu mwenye ndoa aliyetengwa na jamaa yake hauwezi kupita mwaka 1. Waliotunga sheria walijua kwamba kutengana na jamaa ni mzigo, wakauwekea mpaka. Basi kijana anapoomba siku zake za kurudi nyumbani, anaomba kile ambacho babu yake alikipata kila jioni bila kuomba.

Wanaongoja nje ya lango

Nasikia jibu la wengine: hayo yote ni maneno ya walioshiba. Nje ya lango la kila kampuni kuna mamia wanaongoja, wako tayari kwa mshahara wowote. Katika vilima vya Kolwezi wako vijana wanaochimba kwa mikono, bila kofia, bila buti, na shimo likianguka hakuna anayeandika majina yao. Aliye ndani ashukuru na anyamaze.

Hoja hiyo ina uzito, nami siwezi kuidharau. Katika nchi ambayo zaidi ya nusu ya watu wake hawajafikisha miaka 20, kazi yenye mshahara ni neema adimu. Lakini tuifuate hoja hiyo mpaka mwisho wake. Anayengoja nje leo ndiye atakayeingia kesho. Ataikuta desturi ile ile iliyoachwa na aliyekuwa ndani. Aliye ndani akikubali kila kitu kwa ajili ya hofu, atamwachia ndugu yake wa nje kazi isiyo na heshima, na wa nje atakuwa amengoja bure. Tena, watu wa mwaka 1941 nao walikuwa na kazi, nao walikuwa na watu wengi wanaozihitaji nafasi zao. Hawakuona kwamba shukrani inawafunga kinywa.

Hata hivyo sharti tuwe wakweli kwetu wenyewe pia. Wako vijana wanaoiacha kazi njema kwa ajili ya dolari 50 za zaidi, bila hata kumwaga mkubwa wao wala kumwonyesha anayewafuata jinsi ya kuitunza mashine. Wako wanaodai heshima kwa mkubwa na kumtukana mfagiaji. Wako wanaotaka fedha yote mkononi, na hawajauliza hata mara moja kama majina yao yameandikwa katika CNSS, mpaka siku ya ajali au ya uzee. Mambo haya wazee wanayaona, na hapo lawama yao ni ya haki. Anayetaka kampuni isiwe baba yake, sharti yeye mwenyewe akubali kuwa mtu mzima.

Tufanye nini?

Utu uzima huo unaweza kuanza katika vikundi vyetu. Kikundi cha vijana kinaweza kutenga jioni moja kwa mwezi, kumwalika mwanasheria au mzee wa sendika, na kusoma Kanuni ya Kazi pamoja kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili, mpaka kila mmoja aelewe tofauti ya mkataba na mkataba. Wenye kazi wanaweza kuwaonyesha wasio na kazi jinsi ya kuandika barua na jinsi ya kujibu maswali, badala ya kuwauzia nafasi. Tunaweza kuapa sisi kwa sisi kwamba hakuna atakayelipa rushwa ili aajiriwe, wala atakayeipokea siku atakapokuwa na mamlaka ya kuajiri. Wakati wa kuchagua wajumbe wa wafanyakazi, tusimchague mwenye kelele. Tumchague anayejua kusoma hesabu na asiyeogopa. Na yeyote kati yetu atakayepanda cheo, awakumbuke wale walioletwa na kampuni za kati, kwa maana wao ndio wasio na sauti.

Wazee wanauliza vijana wanataka nini. Tunaweza kuwajibu kwa adabu: tunataka mkataba unaosema kweli, kinywa kisichofungwa, ngazi inayoonekana, na muda wa kuwa watu. Mengi ya hayo yamekwisha kuandikwa katika sheria za nchi yetu. Na kwa sehemu ni deni ambalo ninyi wenyewe hamkulipwa. Tusaidieni kulidai, maana ninyi ndio mnaokumbuka jinsi lilivyoanza.

Maswali ya kutafakari pamoja

1. Katika kikundi chetu, ni nani aliye na mkataba ulioandikwa, na ni nani ambaye hajawahi kuuona? Tunaweza kumsaidiaje?

2. Tunamjua mtu aliyesimamisha kazi kwa sababu ya hatari, au aliyeshtaki usumbufu? Yuko wapi leo, na sisi tulisimama upande gani?

3. Tumwalike mzee mmoja aliyefanya kazi Gécamines. Tumwulize ni nini cha wakati ule angependa kirudi, na ni nini hatapenda wajukuu wake wakione tena.